Babu Vuashati, Aliyesikika Mbali

Kwanza tulimalize hili la jina, maana kuna wageni wameliona kwenye jalada la ratiba wakadhani mchapishaji amekosea. Hakukosea. Marehemu aliitwa Vuashati, aliitikia Vuashati, na fundi magari wa pale kona, jirani yake wa miaka mingi, aliposomewa jina lililoko kwenye kitambulisho alishtuka akauliza, "Huyo naye amefariki lini?"

Jina lilianza Agosti 1975. Marehemu alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, amepanga chumba kimoja nyuma ya shule ya msingi. Humo ndani alikuwa amejenga kwa mikono yake redio ya kurusha sauti, ile ya watu wenye leseni wanaozungumza na wenzao wa nchi za mbali kwa mapenzi tu, bila kulipwa na mtu. Redio za wakati huo zilitumia valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa, na chumba cha bati chenye valvu mchana wa jua, hata Agosti, hakina tofauti na tanuri la mikate. Siku hiyo shuleni palikuwa na mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu alikuwa amefika pazuri, anaeleza habari za nidhamu na mavazi ya heshima, mara spika zote mbili zikakoroma, kisha ikatoka sauti ya mwanamume, safi kabisa:

"Hapa mwenzako nimeshavua shati, na hali ikiendelea hivi, hata suruali siiahidi."

Mwalimu mkuu aliitazama maiki yake kama kitu kilichomng'ata. Wazazi walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Mwalimu wa darasa la pili, binti mwembamba aliyekuwa amepewa kazi ya kusimamia spika, hakucheka. Alitoka nje, akauona waya uliokatiza juu ya ukuta wa shule, akaufuata mpaka mwisho wake, akagonga mlango. Mlango ukafunguliwa.

"Kumbe kweli umevua," alisema.

"Samahani dada, unamtafuta nani?"

"Namtafuta yule ambaye suruali haiahidi."

Huyo mwalimu ndiye Bibi, mjane wa marehemu, aliyeketi pale mbele. Ni yeye aliyelibeba jina mpaka ofisi ya walimu, na jambo likishafika ofisi ya walimu, mji mzima umelipata. Marehemu alijaribu kulikana kwa mwaka mmoja hivi, kisha akanyoosha mikono.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu wa baba aliyeongoza treni kwa bendera na taa, na mama aliyekuwa mshonaji. Tangu mdogo hakuacha kitu kikiwa kimefungwa. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio ya nyumbani, ile moja tu waliyokuwa nayo, akapanga vipande vyake kwenye mkeka. Baba yake aliporudi kazini alisimama mlangoni, akavitazama, akasema, "Ikilala hivyo, na wewe unalala hapo hapo." Ilirudi kuimba kabla ya chakula. Parafujo moja ilibaki, na mpaka leo hakuna anayejua ilikuwa ya wapi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964, akaendelea na sekondari kwa miaka mitatu, kisha akajiunga na chuo cha ufundi, fani ya umeme, akahitimu mwishoni mwa 1970. Ripoti yake ya mwisho iliandikwa: "Ana mikono mizuri na mdomo mrefu." Familia imejadili kama hilo lisomwe mbele za watu. Imeonekana lisomwe.

Februari 1971 aliajiriwa na idara ya maji kama fundi umeme wa pampu, na hapo hapo akafanya kazi mpaka alipostaafu Juni 2009. Waliofanya naye kazi wanakumbuka namna alivyopima mota: anaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye sikio, anafumba macho, halafu anasema, "Huyu ana wiki mbili." Wenzake walimcheka. Walikuwa wanacheka huku wanaagiza vipuri.

Marehemu alimuoa Bibi Desemba 1976. Uchumba wenyewe ulianza kwa kuomba radhi. Alikwenda shuleni, safari hii akiwa amevaa shati na tai juu yake, akamweleza mwalimu yule kilichotokea. Redio na antena yake vilikuwa haviendani. Antena ikikataa nguvu unayoipa, nguvu ile inarudi kwenye waya, inazurura kutafuta pa kwenda, na siku ile ilipata spika za shule.

"Kwa hiyo kosa ni la waya?" Bibi aliuliza.

"Waya niliufunga mimi."

Bibi husema hapo ndipo alipomtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Wajukuu huuliza, na siku ile ya shati je? Hapo Bibi hubadilisha mazungumzo.

Walijaliwa watoto watatu. Mwaka 1984 akaja wa nne, mwenye uzito wa kilo arobaini na kitu, akabebwa na wanaume wawili na toroli. Ilikuwa amplifaya ya zamani, ya kuongezea redio nguvu, aliyoachiwa na daktari mmoja mstaafu aliyekuwa anahama. Ilikuwa na valvu mbili, kila moja kubwa kama birika dogo la chai, na ikiwaka chumba kizima kinageuka rangi ya machungwa. Bibi aliizunguka mara moja, akaipa jina la Mke Mwenza. Tangu siku hiyo Jumamosi alasiri sauti yake ilisikika kutoka jikoni, "Mke mwenza wangu ameshaamka, au bado anajipodoa?" Kwa kweli alikuwa anajipodoa. Valvu za zamani hazitaki pupa: unazipasha moto kwanza, unaziacha zipate joto lake, ndipo unazipa umeme mkubwa.

Mwaka 1998 marehemu alifanya kosa ambalo hakuacha kulisimulia maisha yake yote. Valvu moja ilikufa. Akapata nyingine mpya kabisa, akaiweka kando ya ile ya zamani iliyochoka. Kwa macho zilikuwa pacha. Lakini ile mpya ikabeba kazi yote, ile ya zamani ikawa abiria, na kabla ya jioni mpya ikawa nyekundu mbavu zote, kioo kikapasuka. Marehemu alikaa mbele yake kama mtu aliyefiwa. Toka hapo hakuunganisha valvu mbili bila kuzipima. Aliweka moja moja, akaipa umeme ule ule, akasoma mshale wa mita, akaandika namba kwenye kipande cha plasta na kukibandika kwenye kitako chake. Alitafuta mbili zinazokula sawa. Zilizosubiri mwenza alizihifadhi kwenye soksi, kila moja na soksi yake, na ndiyo sababu ndani ya nyumba ile hapakuwa na soksi yenye jozi.

"Kwa hiyo mimi nikitangulia," Bibi alimuuliza siku moja, "utatafuta mzee mwenzako, si ndiyo? Maana msichana mpya atapasuka."

"Nitakupima wewe tena kwanza," marehemu alijibu. "Labda umezirai tu."

Neno likaingia kwenye familia likakaa. Mtu akizidiwa na kazi nyumbani kwao haambiwi amechoka, anaambiwa amekuwa mwekundu. Watoto wakigombana marehemu hakuuliza nani alianza. Aliuliza, "Nani mwekundu hapa?" Ukijibu kwa uongo alijua.

Hewani marehemu alikuwa na marafiki wengi, lakini mmoja alikuwa wa peke yake. Ni mtengeneza saa wa nchi ya mbali aliyekutana naye hewani mwaka 1987, na hapa nyumbani anajulikana kama Fundi Saa. Walizungumza kila Jumamosi saa kumi jioni. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mwaka 2015 Fundi Saa alipoteza macho, na mkewe akiwa ameshatangulia, akahamia kwenye nyumba ya kutunza wazee pamoja na redio yake. Wajukuu walishauri simu, si kuna simu jamani! Fundi Saa alijibu kwamba simuni anasikia maji, redioni anasikia mtu. Masikio yake yamezoea kumchomoa mtu kwenye kelele. Lakini mita za umeme na mataa ya jengo lile yalirusha kelele nyingi, na bila Mke Mwenza sauti ya marehemu ilikuwa inazama. Jumamosi ilikuwa ndiyo siku pekee ambayo Fundi Saa aliitwa kwa jina na mtu asiyelipwa kumwita.

Oktoba 2021 marehemu alipata kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu. Ulimi ulirudi baada ya wiki chache. Mkono wa kushoto haukurudi. Alilifanyia mzaha: sheria ya kwanza ya kufungua amplifaya ni mkono mmoja ukae mfukoni, umeme usije ukapata njia ya kupita kifuani. "Sasa naitii hata nikiwa nimelala," alisema. Lakini amplifaya ya zamani inataka mikono miwili hata ikiwa imefungwa, mmoja kubonyeza swichi ya kurusha na mwingine kuzungusha nobu, vile vitufe vya mbele, na Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka hospitali alijaribu bila hiyo, kwa redio ndogo peke yake.

Aliita. Zikajibu kelele. Kisha Fundi Saa akasikika, akiita na yeye: "Vuashati, kama upo, mimi sikupati. Nasubiri kidogo." Akanyamaza. Akaita tena. Marehemu alimsikia kila neno na hakuweza kumfikia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na dawa na bilauri ya maji.

"Anasema anasubiri," Bibi alisema.

"Nasikia."

"Mjibu basi!"

"Namjibu. Hanipati."

Bibi aliweka bilauri chini. Kwa karibu miaka arobaini hakuwahi kuigusa mashine ile ila kwa kitambaa cha vumbi. "Haya. Huyu mke mwenza anaamshwaje?"

Walipoipasha na kuiacha ipate joto, marehemu alimweleza. Yeye atabonyeza kwa mkono wake mzima, Bibi atazungusha. Nobu ya kwanza ukiizungusha polepole mshale unashuka, unafika chini kabisa, halafu unaanza kupanda tena. Pale chini marehemu alipaita bonde. Hapo ndipo amplifaya na antena vinapopatana. Ukishafika bondeni unaongeza mzigo kidogo kwa nobu ya pili, unarudi kulitafuta bonde upya, na usikawie, maana nje ya bonde valvu zinaungua.

"Unashuka," Bibi alisema. "Unashuka... unapanda."

"Umepita. Rudi."

"Usinifokee."

"Sifoki, valvu zinakuwa nyekundu!"

"Ziwe nyekundu! Mimi mwanafunzi wa leo!"

Mara sauti ikatoka kwenye spika, nzito, inacheka: "Nawapata. Nawapata kama mko humu chumbani. Nani huyo anayemjibu Vuashati hivyo?"

Toka siku hiyo ikawa kazi ya wawili. Bibi alifanya mtihani wa leseni mwaka uliofuata, akiwa ameshastaafu ualimu siku nyingi, akapata alama kumpita marehemu. Marehemu alisisitiza mpaka mwisho kwamba mitihani ya siku hizi ni laini. Mwaka jana valvu zote mbili zilipochoka, wakaketi na soksi zao sebuleni, Bibi anapima, marehemu anasoma plasta, wanabishana kama watoto wanaogawana pipi, mpaka wakapata mbili zinazokula sawa.

Ni huyo huyo marehemu aliyeona jambo ambalo watoto hawakuliona. Kumwinua, kumwosha, kumgeuza usiku na mchana, kumpikia, vyote Bibi alivifanya mwenyewe na kujibu "mimi mzima" kila alipoulizwa. Asubuhi moja wakati wa chai marehemu alimtazama sana.

"Umekuwa mwekundu," alimwambia.

"Mimi mzima."

"Mimi hapa ni abiria, mama. Nakutazama unafanya kazi ya wawili. Mwisho wake naujua."

Siku hiyo hiyo alimpigia simu binti yake mkubwa, mshonaji, bila kumuuliza Bibi. Binti akahamisha cherehani yake na kuileta nyumbani. Bibi alinuna siku mbili, akalala usingizi siku ya tatu mpaka saa nne asubuhi.

Mwaka huu ulipoanza, kifua cha marehemu kilijaa. Alilazwa mara mbili, akaomba kurudi nyumbani. Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Machi 2025, asubuhi, Bibi akiwa amemshika mkono ule ule uliolegea. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakusema mambo makubwa. Aliomba dirisha lifunguliwe, akauliza ni siku gani, akaambiwa ni Jumatano. Akasema, "Jumamosi Fundi Saa asisubiri."

Jumamosi nyumba ilikuwa imejaa watu. Ilipokaribia saa kumi Bibi aliinuka kwenye mkeka, akajifunga kanga vizuri, akaelekea chumba cha redio. Shangazi mmoja alimshika nguo.

"Wifi, leo? Kwenye msiba unakwenda kuwasha redio?"

"Kuna mtu anasubiri," Bibi alisema.

Binti mkubwa alikaa mahali pa baba yake na kubonyeza. Bibi alizungusha. Mshale ulishuka, ukafika bondeni, ukatulia pale, bila kupita na bila kurudi. Hata hawajaita, Fundi Saa alikuwa tayari yuko.

"Vuashati, mbona leo unachelewa? Nimeshavaa shati la kutokea."

"Fundi Saa, ni mimi, Mwalimu."

"Mwalimu! Leo umemnyang'anya maiki?"

Watu wa redio hawasemi mwenzao amekufa. Husema ufunguo wake umenyamaza, kwa sababu wa zamani walizungumza kwa kugonga ufunguo, kile kidude cha kutuma herufi kwa milio. Bibi alilijua neno hilo, na watu waliokuwa mlangoni walidhani atalitumia. Hakulitumia.

"Amefariki, Fundi Saa. Alhamisi asubuhi. Alisema usisubiri."

Zikaja kelele tupu. Zikaendelea. Bibi aliutazama mshale akadhani bonde limempotea. "Wanipata?" aliuliza. "Fundi Saa, wanipata?"

"Nakupata vizuri sana, Mwalimu," alisema. "Ndiyo shida."

Hapo ikaingia sauti ambayo nyumba hii haikuwahi kuisikia. Mwanamke mtu mzima, kwa adabu, aliomba kuingia. Alisema yeye huwa hasemi, husikiliza tu, kila Jumamosi tangu watoto wake walipohama. Akasema aliwahi kumwandikia Vuashati kuuliza kwa nini runinga ya jirani inacheza kila akirusha, na Vuashati akamwongoza kwa barua, hatua kwa hatua, mpaka antena yake ikapatana na redio. Akaja mpishi wa meli. Akaja mwalimu wa ufundi, ambaye wanafunzi wake wote husema bonde na hawajui wamelitoa wapi. Akaja kijana aliyesema alikuwa amepanga jambo baya juu ya maisha yake Jumamosi moja, akawasha redio akakuta wazee wawili wanabishana kuhusu bei ya sabuni, akakaa kuwasikiliza mpaka wakamaliza, halafu hakulifanya tena. Kila mmoja alipomaliza Bibi alisema neno moja tu, "Endelea," na mwingine akaendelea, na Fundi Saa kule gizani kwake akawa anasikia kwamba hakuwahi kuwa peke yake kwenye mawimbi yale.

Bibi alipotoka, shangazi alimuuliza kama amemaliza. Alisema, "Nimeishi na mtu huyu miaka arobaini na nane, leo ndiyo nimetambulishwa."

Marehemu ameacha mjane, binti mkubwa mshonaji, mwana wa pili dereva wa lori, na kitinda mimba aliye muuguzi, wakwe wawili, wajukuu saba, ambao wote wanajua kupima valvu na hakuna hata mmoja anayejua kufua soksi, dada yake mmoja, na Fundi Saa, ambaye Bibi ameagiza aandikwe hapa pamoja na ndugu.

Bibi atakuwa hewani Jumamosi hii saa kumi jioni, na Fundi Saa amesema atakuwepo. Kwa wenye redio, ingieni, msisikilize tu. Kwa wasio na redio, mlango wa nyumba mnaujua. Familia inaomba kila aliyefanya kazi naye, aliyepanda naye basi, aliyetengenezewa pasi na kurudishiwa na parafujo moja ya ziada, aje na kisa chake amsimulie Bibi, hata kama ni kifupi, hata kama ni cha aibu. Cha aibu hasa. Ukiogopa kusimulia mbele za watu, mwambie mjukuu yeyote, atakifikisha.

Pumzika, Babu. Mawimbi hayajanyamaza.